Bolti au DMR? Kuchagua Bunduki ya Easofti ya Kupiga Mbali

Ukishacheza easofti hapa Uingereza msimu mmoja na bunduki ya kawaida ya umeme, hamu ya kupiga mbali inakuja yenyewe. Unamwona mpinzani nyuma ya mti, unafyatua gololi kumi, zote zinamkaribia kisha zinakata kona na kuangukia majani. Yeye hata hajainama. Jioni hiyo unaingia mtandaoni kutafuta bunduki ya mdunguzi, na hapo ndipo unapokutana na njia panda: uchukue bolti, ile ya kukoki kwa mkono kila unapofyatua, au uchukue DMR, bunduki ya umeme yenye nguvu zaidi inayopiga moja moja kila ukivuta triga?

Nimewasikia Waswahili wenzangu wakibishana jambo hili kwenye maegesho ya viwanja vya Midlands, na mara nyingi wanabishania kitu kisichostahili, yaani umbali. Nianze na huo umbali basi, tuumalize, halafu tuingie kwenye mambo yanayozitenganisha kweli bunduki hizi mbili.

Kwa asiyeujua mchezo: easofti ilianzia Japani miaka ya 1970. Bunduki ni mfano wa silaha halisi, inarusha gololi ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 6, na hakuna rangi inayokuchafua kama kwenye peintiboli. Ukipigwa, unainua mkono mwenyewe na kutoka. Mchezo mzima unasimama juu ya uaminifu huo, na kwa anayepiga mbali jambo hili lina uzito wa pekee, kama tutakavyoona.

Nani anafika mbali zaidi?

Viwanja vya Uingereza hupima nguvu ya bunduki asubuhi kabla ya mchezo kuanza. Vipimo vya kawaida, kwa gololi ya gramu 0.20, ni futi 350 kwa sekunde kwa bunduki ya kawaida ya umeme, futi 450 kwa DMR na futi 500 kwa bolti. Kila uwanja una orodha yake, kwa hiyo soma kanuni zao kabla hujanunua chochote. Kwa lugha ya nishati, hizo ni takriban jouli 1.14, jouli 1.9 na jouli 2.3.

Ukiangalia namba hizo haraka utasema bolti imeshinda. Ngoja kwanza. Hakuna mdunguzi mwenye akili anayecheza na gololi ya gramu 0.20. Gololi nyepesi inatoka kwa kasi kubwa lakini hewa inaikaba mapema, na kila kijipepo kinaichukua. Anayepiga mbali hutumia gramu 0.40 au zaidi. Sasa weka gololi ya gramu 0.40 kwenye bunduki zote mbili. Bolti ya jouli 2.3 itaitoa kwa takriban mita 108 kwa sekunde. DMR ya jouli 1.9 itaitoa kwa takriban mita 97. Ukikokotoa jinsi hewa inavyoipunguza kasi, kufika mita 60 gololi ya bolti inahitaji kama sekunde moja, na ile ya DMR inahitaji kama sekunde moja na sehemu ya kumi. Basi. Tofauti mnayoibishania maegesho mazima ni sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Kinachoifikisha gololi huko mbali ni hopapu: kipande cha raba ndani ya mtutu kinachoikwaruza gololi upande wa juu inapopita, ikatoka inajizungusha kinyumenyume. Mzunguko huo ndio unaoipa hewa nguvu ya kuiinua, sawa na mpira wa adhabu uliopigwa kwa kukatwa, ila huu unapinda kwenda juu. Raba ikiwa mbovu au ikibana upande mmoja zaidi ya mwingine, hata jouli 2.3 hazitakusaidia; gololi itaenda kulia leo na kushoto kesho. Raba nzuri, mtutu wa ndani uliosafishwa, na gololi zenye uzito na umbo linalofanana ndivyo vinavyoleta shabaha, na vyote hivyo vinaingia kwenye bolti na kwenye DMR vilevile.

Bunduki iliyorekebishwa vizuri, iwe ya aina gani kati ya hizi mbili, inampata mtu aliyesimama kwenye mita 60 hadi 70 mara nyingi kuliko kumkosa. Bolti bora sana inasogea zaidi ya hapo siku isiyo na upepo. Yule anayekwambia yake inapiga mita 120, mwombe akuonyeshe kwa mtu anayetembea.

Japani yenyewe ni ushahidi mzuri. Sheria ya huko, iliyorekebishwa mwaka 2006, inaziwekea bunduki za gololi ya milimita 6 kikomo cha chini kidogo ya jouli moja, zote, bila kujali aina. Mdunguzi wa Japani hana hata chembe ya nguvu kumzidi jirani yake mwenye bunduki ya umeme. Na bado bolti zinauzwa huko; VSR-10 ya kampuni ya Tokyo Marui, ambayo bolti nyingi za kisasa zimeiga matumbo yake, ni mzaliwa wa nchi hiyo. Wanazinunua kwa sababu ambazo si nguvu, na sababu hizo ndizo zinazostahili kuamua.

Gololi ya pili

Turudi kwenye ile sekunde moja ya safari. Mtu anayekimbia uwanjani hukata mita nne au tano kwa sekunde. Ukimlenga mwenyewe, gololi itafika alipokuwa. Lazima ulenge mbele yake, na kwa kuwa hujui atapinda wapi, unabahatisha. Hata aliyesimama anaweza kugeuka, kuinama kufunga kamba ya kiatu, au kusikia mlio na kurudi nyuma ya gogo. Halafu kuna majani. Gololi ya plastiki ikigusa jani moja tu, safari yake imekwisha. Msitu wa Uingereza mwezi Julai umejaa magugu yanayofika kiunoni na miiba ya kila aina, na kwenye darubini utaona nafasi safi kabisa kumbe katikati kuna kijiti ambacho hukukiona.

Maana yake gololi ya kwanza hukosa mara nyingi, na hilo halihusiani na ujuzi wako. Swali la kweli ni: gololi ya pili inatoka lini?

Kwa DMR inatoka mara tu ukivuta triga tena. Jicho lako halijaondoka kwenye darubini, umeiona gololi ya kwanza ikipita kushoto kwa kiganja, unasogeza kidogo na kufyatua. Ndani ya sekunde mbili umetuma tatu. Mpinzani hata akihisi kitu kimepita, hajamaliza kugeuka.

Kwa bolti unaachia triga, unainua mkono, unavuta bolti dhidi ya springi nzito, unairudisha, unatafuta tena picha kwenye darubini. Mzoefu anafanya hayo kwa sekunde mbili. Asiye mzoefu anachukua nne na kuitikisa bunduki nzima, na mkono wake unaosogea ndio unaomfichua. Binadamu huona mwendo kabla ya kuona umbo. Watumiaji wa mkono wa kushoto, jueni pia kwamba bolti nyingi zina mpini upande wa kulia. Mtaweza kucheza nazo, lakini mtapitisha mkono juu ya bunduki kila mara.

Kwa hiyo upande huu DMR inashinda, na inashinda kwa mbali. Kama unacheza na kikosi, kazi yako ikiwa kumzuia adui asivuke njia au asitoke kwenye handaki, bolti itakuangusha. Watu watatu wakikimbia kwa pamoja utampata mmoja, kama una bahati.

Kimya

Hapa sasa bolti inalipa deni lake lote.

Ndani ya bolti kuna springi, pistoni na silinda, basi. Ukiweka kizibo laini mbele ya pistoni na sifongo ndani ya sailensa, mlio unaobaki ni kishindo kidogo ambacho mtu aliye mita 40 hakisikii kabisa kwenye msitu wenye upepo. Anapigwa begani, anaangalia huku na huko, na hajui aelekeze mwenzake wapi. Unabaki ulipo, unakoki polepole, unampata wa pili aliyekuja kuangalia kilichompata wa kwanza. Ukiwa na vazi la majani na subira, unaweza kukaa nusu saa nyuma ya mstari wa adui.

DMR ya umeme haiwezi kufanya hivyo. Mota inalia, gia zinasagana, pistoni inagonga. Unaweza kuupunguza mlio kwa kurekebisha gia zikae sawasawa na kwa kuweka sifongo, lakini ule mkwaruzo wa kielektroniki una sura yake, na mchezaji yeyote aliyezoea anautambua na kugeuza kichwa upande ulikotoka. Baada ya gololi tatu nne, kichaka chako kinajulikana.

Kuna DMR zinazotumia hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi badala ya mota. Hizo ni tulivu zaidi na triga yake ni nyepesi ajabu. Lakini unabeba mtungi mgongoni na bomba linaloning'inia, na viwanja vingi hudai kifaa cha kudhibiti presha kifungwe ili usiiongeze baada ya kupimwa asubuhi. Kwa mtu anayenunua bunduki yake ya kwanza ya kupiga mbali, simshauri.

Kuna jambo moja la kimya ambalo wadunguzi wa bolti hawapendi kulisema. Gololi ya gramu 0.40 ikifika mita 60 imebakiwa na takriban robo ya jouli. Kwenye koti nene la baridi, mtu anaweza asiihisi. Kama hakusikia mlio, hakuhisi mguso, na hakuona gololi, atainuaje mkono? Wewe unaona kwenye darubini gololi ikimgonga mgongoni, yeye anaendelea na safari yake. Kabla hujamwita mwizi, kumbuka hilo. Mwenye DMR humwongezea ya pili na ya tatu mpaka asikie. Mwenye bolti humeza mate, anakoki upya. Kama una hasira za karibu, huu ni mtihani.

Sheria, na mtego wa DMR

Hapa wanunuzi wengi hupita haraka, nami nawaomba msipite.

Policing and Crime Act ya mwaka 2017 iliingiza kwenye sheria ya silaha ya Uingereza tafsiri ya bunduki ya easofti. Bunduki inayoweza kutoa gololi mbili au zaidi kwa mvuto mmoja wa triga haitakiwi kuzidi jouli 1.3. Bunduki inayotoa moja tu kwa kila mvuto inaruhusiwa hadi jouli 2.5. Ukizidi hapo umeshatoka kwenye easofti, na kitu ulichoshika kinaweza kuhesabiwa kuwa silaha.

Bolti haina shida hapo. Kwa maumbile yake haiwezi kutoa mbili. Lakini DMR nyingi zilianza maisha yake kama bunduki za umeme zenye swichi ya kumimina, yaani kutoa gololi mfululizo triga ikiwa imeshikiliwa. DMR ya jouli 1.9 ambayo bado ina uwezo wa kumimina imevuka mstari, hata kama wewe binafsi hujawahi kuigusa swichi hiyo. Sheria inasema "inayoweza", haiulizi kama umefanya. Kwa hiyo hakikisha uwezo wa kumimina umeondolewa kabisa ndani ya giaboksi, kwa kukata au kubadilisha vipande vinavyohusika. Kuzima kwa programu ya mosfeti tu (kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota), jambo ambalo unaweza kulirudisha kwa kubonyeza triga sekunde kadhaa, viwanja vingi havilikubali, na mimi nisingelitegemea mbele ya polisi. Ukinunua ya mtumba, mwombe muuzaji aifungue au aifyatue mbele yako kwenye kila nafasi ya swichi. Angalia pia isije ikatoa mbili kwa bahati mbaya. Mota yenye nguvu ikishindwa kusimama kwa wakati hufanya hivyo, na hilo nalo ni tatizo lile lile.

Mengine ni ya bunduki zote. Violent Crime Reduction Act ya mwaka 2006 inazuia kuuziwa mfano wa silaha unaofanana na halisi isipokuwa una sababu inayotambulika, na kwa wachezaji njia ya kawaida ni kusajiliwa UKARA, rejista ya wachezaji ya chama cha wauzaji wa easofti, kupitia uwanja wako: umri wa miaka 18 na kuendelea, michezo isiyopungua mitatu, iliyosambaa kwa muda usiopungua siku 56. Bila hiyo utauziwa yenye rangi kali sehemu kubwa ya mwili wake, buluu au kijani cha kung'aa, na vazi lako la majani litakuwa kichekesho. Usiipake rangi nyeusi mwenyewe kabla hujapata usajili. Kufanya hivyo ni kutengeneza mfano wa silaha. Njiani bunduki ikae ndani ya begi lililofungwa, kwenye buti la gari. Northern Ireland ina sheria zake. Na kwa wale wanaofikiria kumpelekea mdogo wao zawadi Dar es Salaam au Mombasa: acheni. Ofisa wa forodha akiona kitu hicho kwenye eksirei hataanza kwa kukuuliza kuhusu jouli.

Matumbo na pesa

Bolti ya kuanzia inapatikana kwa chini ya pauni 200. DMR inayofaa kubeba jina hilo kwa kawaida inaanzia pauni 250 na kupanda, kisha utahitaji betri, chaja nzuri na magazini kadhaa. Mpaka hapo bolti inaonekana rahisi, na ndiyo inavyowanasa watu. Bolti ya bei ndogo itakuja na raba ya hopapu isiyoweza kuinua gololi nzito, na ukiiwekea springi ya futi 500 triga yake itaanza kulika. Triga za VSR-10 za asili zinaikamata pistoni kwa pembe ya nyuzi 45, na springi nzito huzila taratibu mpaka siku moja bunduki inakataa kukoki, au mbaya zaidi, inafyatuka yenyewe. Dawa ni triga na pistoni za nyuzi 90. Ongeza chemba ya hopapu, raba, mtutu wa ndani, na utakuta umelipa mara mbili ya bei ya dukani. Ndiyo maana siku hizi wengi wanaruka hatua hiyo na kununua bolti iliyokuja tayari imejengwa, kama T10 ya Action Army au zile za kampuni ya Novritsch ya Austria.

Uzuri wa bolti ni kwamba yote hayo unayafanya mezani kwako, na vifaa vyako ni bisibisi, funguo za pembe sita na mafuta ya silikoni. Hakuna nyaya. Mvua ya Wales ikikunyeshea siku nzima, haina umeme wa kuharibika.

DMR ni ulimwengu mwingine. Springi ya futi 450 ndani ya giaboksi lililotengenezwa kwa ajili ya futi 350 inatafuta sehemu dhaifu, na itaipata: meno ya pistoni, gia, au ganda lenyewe la giaboksi linalopasuka mbele pale pistoni inapogonga. Ili triga ijibu haraka unahitaji mota yenye torki (nguvu ya kuzungusha) kubwa, mosfeti, na betri ya volti 11.1. Bila hivyo unavuta triga, unasubiri, kisha bunduki inafyatuka wakati mkono wako umeshatikisika. Ucheleweshaji huo ni mfupi, lakini kwenye mita 60 unaona matokeo yake. Mosfeti nzuri inaweza kuiacha springi imeshavutwa nusu baada ya kila mfyatuo, na hapo triga inakuwa kama swichi ya taa.

Kuna suala la ujazo wa hewa pia. Gololi nzito inakaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, kwa hiyo inahitaji hewa ya kuisukuma mpaka mwisho. Silinda ya bolti ni kubwa na kwa kawaida ina hewa ya ziada. Silinda ya bunduki ya umeme ni ndogo. Ukiweka mtutu mrefu na gololi ya gramu 0.43, hewa inakwisha njiani na jouli zinapungua. Ndiyo sababu DMR za familia ya SR-25, zenye giaboksi refu zaidi, zinapendwa na wajenzi kuliko zile za familia ya M4. Wengi hununua mtutu mrefu wakidhani urefu ni shabaha. Si hivyo. Mtutu mfupi unaolingana na silinda utaushinda mtutu mrefu usiolingana kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo, muombe mpimaji wa asubuhi aipime bunduki yako na gololi utakayochezea, si ile ya gramu 0.20 peke yake. Bolti yenye hewa nyingi inaweza kuongeza jouli inapopewa gololi nzito, ukajikuta umepita kikomo bila kujua.

Gharama ya gololi zenyewe isikushtue. Gololi nzito ni ghali mara kadhaa kuliko za kawaida, na viwanja vya msituni hudai zile zinazooza ardhini. Lakini mwenye bolti anaweza kumaliza siku na mia mbili tu. Mwenye DMR atatumia mara nne au tano ya hizo, na hilo linaongezeka mwaka ukiisha.

Mita thelathini

Bunduki zote mbili, kwa sababu ya nguvu zake, zina umbali wa chini ambao huruhusiwi kufyatua ndani yake. Viwanja vingi huuweka kwenye mita 30, vingine 20 au 25. Adui akikutokea ndani ya hapo, bunduki yako kubwa ni fimbo. Lazima uwe na bastola kiunoni. Ya gesi ni nzuri wakati wa kiangazi. Januari gesi inazizima, inasukuma kwa ulegevu, na inaisha kwenye magazini kabla ya gololi. Bastola ya umeme haina makeke hayo.

Sasa jumlisha. Huruhusiwi chini ya mita 30 na huna uhakika zaidi ya mita 65 au 70. Uwanja wako wote wa kazi ni ukanda wa mita 35 au 40. Simama kwenye uwanja unaochezea na utazame: ni sehemu ngapi unaweza kumwona mtu ndani ya ukanda huo bila jani katikati? Kwenye msitu mnene wa misonobari, chache. Kwenye kambi ya zamani ya jeshi yenye barabara pana na majengo, nyingi mno. Majani yakishapukutika Novemba, hata msitu wa mialoni unafunguka. Viwanja vya ndani ya majengo havifai kwa yoyote kati ya hizi, na vingi vinazikataza.

Ukanda huo ukiwa wazi na watu wanapita kwa makundi, DMR. Ukanda ukiwa umekatikakatika, vijia vyembamba na vichaka vya kujibanza, bolti, kwa kuwa huko utapata nafasi moja tu ya kufyatua na kilicho muhimu ni wasijue ilikotoka.

Ningekushauri nini

Mimi binafsi napenda bolti. Napenda kutambaa, napenda kukaa kimya, na sioni aibu kurudi nyumbani nimewatoa watu wanne tangu asubuhi. Lakini rafiki akiniuliza achukue ipi, sijibu kwa kupenda kwangu. Namuuliza kwanza anakuja uwanjani na nani. Akisema anakuja na wenzake watano na wanapenda kusonga pamoja, namwambia DMR bila kusita, na aajiri fundi wa giaboksi kama hajui kuifungua mwenyewe. Akisema anakuja peke yake, au wenzake wanamwacha nyuma kila mchezo, bolti itampa kazi ya kufanya.

Namuuliza pia kuhusu subira yake, na hapa watu hujidanganya. Bolti ina vipindi virefu vya kutofanya lolote. Kuna michezo utamaliza hujafyatua hata mara moja. Kijana wa miaka 19 aliyezoea michezo ya kompyuta, ambako mdunguzi anaua watu ishirini kwa dakika kumi, ataiuza bolti yake kabla ya Krismasi. Zimejaa kwenye kurasa za mitumba kwa sababu hiyo, na wewe mwenye subira unaweza kuipata iliyokwisha kuboreshwa kwa nusu ya gharama.

Kama hujawahi kuzishika, viwanja vingi vina wachezaji watakaokuazima kwa mchezo mmoja ukiwaomba kwa adabu wakati wa chakula cha mchana. Mwazime wa bolti kwenye mchezo wa asubuhi, wa DMR mchana, ukichezea sehemu ile ile ya uwanja.

Na kama tayari una bunduki ya umeme ya futi 350 na pesa yako ni ya kubana, usinunue yoyote kwanza. Nunua raba bora ya hopapu, gololi za gramu 0.28 au 0.32, na kitambaa cha kusafishia mtutu. Utafika mita 50 kwa uhakika ambao hukuwa nao, huna kikomo cha mita 30 kinachokufunga mikono, na huhitaji bastola. Wapo wengi waliofanya hivyo na wazo la bunduki ya pili likawatoka wenyewe.